Kidole cha Bibi na Kadi Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimeamua kuwa msomaji bora wa shule. Kusoma kwenyewe bado sijaanza.

Madamu Clarisse wa maktaba ametukusanya uwanjani na kutuonyesha kadi za njano. Mpango wake: unaazima kitabu, unamsomea mtu wa nyumbani kwa sauti mpaka mwisho, naye anatia sahihi kwenye kadi. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Atakayekuwa na kadi nyingi mwisho wa muhula, jina lake litaandikwa kwa rangi ukutani mwa maktaba. Tena hatalima bustani ya shule mpaka Pasaka. Mpaka Pasaka! Mgongo wangu umeshangilia wenyewe.

Kikwazo ni kimoja: Isimbi. Msichana huyo husoma akitembea, husoma akila. Juzi nilimkuta anasoma maandishi ya mfuko wa saruji, na alionekana amenogewa.

Kadi ziko kwenye kopo mlangoni mwa maktaba. Nimechukua kumi na mbili.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata njia!

Ninaishi hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, na Bibi Mwamini, mama yake baba. Anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga sokoni. Hajui kusoma, lakini ana kikopo cha wino wa mhuri, wa zambarau, alichoachiwa na Babu. Kila karatasi inayoingia nyumbani huigongea dole gumba kwa heshima zote.

Nimemwambia nitamsomea vitabu kumi na viwili. Amefurahi mpaka akakaa chini. Nikamweleza kwamba, ili asichafuke kila siku, bora agonge kadi zote leo, halafu nitamsomea polepole. Akagonga. Moja baada ya nyingine, ncha ya ulimi nje, kama anatunga uzi kwenye sindano. Kadi kumi na mbili, halali kabisa, kwa dakika nne!

Wino umekataa kutoka kidoleni mwake. Anasema huwa unakaa juma zima. Hilo si tatizo langu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepeleka kadi tano. Majina ya vitabu nimeyanakili kutoka rafuni, vile vyembamba kwanza. Madamu Clarisse amefurahi, akauliza Bibi amependa kipi zaidi. Nikasema vyote.

Isimbi ana kadi mbili. Nimempa pole mbele ya watu. Akaniuliza yule mbuzi wa kitabu cha tatu alipatikana wapi mwishoni. Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kuwaharibia wenzangu utamu wa hadithi. Jibu zuri sana. Nimejipongeza njia nzima.

Nyumbani, baada ya swala ya alasiri, Bibi alitoa vigoda viwili mlangoni, akakalia kimoja. Nilisema nina hesabu nyingi. Akasema haidhuru, atangoja. Kigoda cha pili kilibaki nje mpaka magharibi. Sikupenda kukiangalia.

Jumatatu, 10 Novemba

Balaa.

Wateja sokoni wanamuuliza Bibi kidole kimepatwa na nini. Naye anawajibu wote, kwa sauti ya kufika stendi: “Mujukuu yangu ananisomeaka vitabu! Kumi na mbili, muntu wangu!” Kisha anawaongezea sambaza. Sijamsomea hata jalada.

Mmoja wa wateja hao ni Madamu Clarisse. Leo ametangaza kwamba Jumatano wasikilizaji wote waje maktabani watusimulie walichosomewa, ili wavivu wapate hamu. Wa kwanza kualikwa ni Bibi Mwamini, kwa kuwa kadi zangu zote kumi na mbili zimeshaingia. Watu walinipigia makofi.

Nimejaribu kumshawishi Bibi kwamba anaumwa. Akasema yuko mzima. Nikasema uso wake umebadilika. Akaenda kununua kilemba kipya.

Jumatano, 12 Novemba

Naandika nikiwa nimejifunika shuka. Ni saa kumi na moja jioni na sina homa. Nina aibu.

Alianza Nsabimana, baba yake Isimbi, dereva wa lori la saruji kule kiwandani Muganza. Alisimulia kitabu alichosomewa na bintiye, akafika mahali mtoto anapotea, akaanza kufuta macho. Mwanaume mzima! Watu wakamngoja.

Kisha akaitwa Bibi. Madamu akamsomea orodha ya vitabu vyake kumi na viwili, akamwomba achague kimoja. Bibi akasimama na kilemba chake kipya, akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Nilijua ananiona, na nilijua hajui hata kimoja, na kwamba mimi ndiye niliyemsimamisha pale.

Bibi akakohoa. Akasimulia habari za msichana aliyekuwa akirudi Rwanda kutoka Bukavu, akavuka daraja la mpakani la Ruzizi na kuku amemficha ndani ya kitenge. Afisa akauliza kuna nini humo. Msichana akasema ni mimba. Kuku akataga papo hapo! Yai likabingirika mpaka kwenye buti la afisa. Afisa akaliokota, akampa, akasema hongera mama, umejifungua salama.

Maktaba nzima ilicheka mpaka Nsabimana akafuta macho mara ya pili. Madamu akauliza ni kipi kati ya vile kumi na viwili. Bibi akaninyoshea kidole mimi, akasema: “Muulize Sultani, njo yeye anajua kusoma.”

Mimi, bila kufikiri, nikasema kinaitwa Kuku wa Darajani. Wanafunzi wakakimbilia rafu kukitafuta. Isimbi akasema taratibu, bila ubaya, kwamba rafu ile ameimaliza na kitabu hicho hakimo. Nikasema kimeazimwa. Madamu akauliza na nani. Nikasema na mimi.

Ningepiga kelele kwamba maktaba inaungua, kama ningekuwa na kiberiti.

Madamu hakunigombeza. Alifunga daftari, akafungua uzi uliofunga kadi za wote, akatoa zangu kumi na mbili na kuzitia mkobani mwake. Akanipa nyingine kumi na mbili, tupu. Akamshika Bibi mkono, akamshukuru.

Alhamisi, 13 Novemba

Bibi naye hajanigombeza. Ameniwekea chai, tena na sukari. Hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Mwishowe nilimuuliza mwenyewe kwa nini aliwaambia watu sokoni kwamba namsomea, na hakuna nilichosoma. Akasema yeye hakudanganya. “Niliweka kidole sababu ulisema utasoma. Nilikuwa nangoya tu.”

Kumbe vile vigoda viwili. Kila siku. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi ili asisikie. Mimi ni mtu mbaya. Nimeapa kumsomea vyote, neno kwa neno, na hatagonga kidole mpaka ukurasa wa mwisho. Hilo la kidole ni sharti lake.

Jumapili, 16 Novemba

Nimesoma saa nzima mlangoni! Koo limekauka. Bibi amevuta kigoda chake karibu mpaka magoti yetu yakagusana, na akiona mtu anapita anamwashiria apite kimyakimya. Nilihisi kitu kizuri kifuani.

Lakini kitabu kina kurasa tisini na sita, na Isimbi sasa ana kadi nne. Kwa hiyo nikaanza kuruka ukurasa mmoja kila baada ya mmoja. Bibi akanisimamisha. “Ule muntu si alikufa? Sasa anakula bugali namna gani?” Nikasema alipata nafuu. Akaniambia nirudi nyuma nikamzike kwanza.

Nimerudi nyuma. Nimemzika.

Alhamisi, 20 Novemba

Tuko ukurasa wa hamsini na moja, kitabu cha kwanza. Bibi anapenda kurudiarudia. Isimbi ana kadi tano. Majembe ya bustani yamenolewa leo, nimeyaona.

Nimefikiri kwa makini. Bibi atasomewa vyote kumi na viwili, kiapo ni kiapo. Lakini kusoma na kadi ni mambo mawili tofauti. Kadi zinaweza kutangulia tu. Hakuna anayeumia.

Bibi alipokwenda sokoni nilichukua kikopo. Dole gumba langu la mkono ni jembamba, Madamu angelishtukia. Nikavua kiatu. Dole gumba la mguu ni pana na lina mistari, ukiangalia haraka ni Bibi kabisa! Nimegonga kadi kumi na moja kwa dakika tatu; ile ya kitabu tunachosoma nimemwachia Bibi mwenyewe. Nimevunja rekodi yake.

Nimesugua kwa sabuni. Kwa majivu. Kwa mchanga. Kwa limau. Dole ni la zambarau kuliko mwanzo.

Kesho ni Ijumaa. Kila Ijumaa kabla sijakwenda msikitini, Bibi mwenyewe hunimiminia maji ya kutawadha, mguu mmoja baada ya mwingine, na hahangaiki kuharakisha. Sasa amerudi, na anauliza kutoka mlangoni kwa nini nimevaa soksi na jua hili, na mbona kigoda changu kiko kitupu.

Natafuta bendeji.