Kiti cha Nasari Kilipokataa Kuniachilia

Marafiki, leo sura yangu nimeiacha Salgaa. Kesho kutwa kanisani sijui nitavaa ipi.

Wacha niwaeleze mwenyewe, kwa sababu najua Ticha Wambui ameshaanza kueleza upande wake, na Ticha Wambui akieleza kitu huwa anakiongezea chumvi na pilipili.

Kwa wasionijua, mimi ni Nafula wa Nakuru, mjukuu wa fundi wa reli, mama wa mtoto mmoja anayekula kila kitu isipokuwa chakula. Nilifundisha watoto wa nasari miaka mingi kabla kichaa hakijanipanda nikarudi chuoni kusomea udaktari. (Si ule wa sindano. Mama mkwe bado ananionyesha magoti yake.) Ninachunguza jambo moja tu: je, mtoto mdogo, wa miaka mitatu au minne, anaweza kumsaidia mtu mzima aliye na shida bila kuombwa, na bila kuahidiwa peremende? Mimi nasema anaweza. Lakini chuoni kusema hakutoshi. Lazima uonyeshe.

Sasa, kuna mfuko unaosaidia watafiti wanaoanza, sisi tunaochunguza mambo ya watoto wadogo. Huo mfuko ndio umenibeba mwaka mzima. Umenilipia karo. Umeninunulia kamera. Na hapa ndipo huwa nashukuru hadi machozi: unamlipa dada anayekaa na mtoto wangu ili mimi niandike. Kama hujawahi kuandika tasnifu huku mtoto amekalia kompyuta, huwezi kunielewa.

Leo mfuko ulituma watu wawili waje waone kazi yangu, kisha waseme kama nitaendelezwa mwaka wa pili au la. Wa kwanza alikuwa Profesa, mama mwenye mvi na shuka begani, mpole sana. Wa pili Daktari Kiprono, mwanamume mrefu wa suti ya kijivu ambaye, kwa nilivyoona, hakuwahi kuonyeshwa jinsi ya kucheka.

Nasari yenyewe iko Salgaa, nyuma ya hoteli zile ambapo madereva wa malori husimama kula. Mama za watoto hawa wanapika huko au wanafua mashuka ya lojing'i wanamolala madereva. Baba zao wengi wanaziba tairi. Watoto wa pale wanajua kutofautisha lori na lori kwa mlio wa breki kabla hawajajua kutofautisha ng'ombe na mbuzi.

Jaribio langu ni rahisi. Naanika vinguo vidogo kwenye kamba. Naangusha kibanio, kwa kusudi. Nanyoosha mkono, nashindwa kukifikia, naguna kama bibi kizee. Kisha nangoja nione nani atainuka. Mwaka mzima wameniokotea. Wengine huniletea hata vibanio ambavyo havijaanguka. Kwa hivyo leo nilienda pale nikitembea kama mtu aliyeona mtihani jana yake.

Nilichokuwa sijui ni kwamba asubuhi Ticha Wambui, mwenye nasari, aliwapanga watoto akawaambia, "Wageni wakija, hakuna mtu kutoka kwa kiti. Atakayetoka, hakuna mandazi."

(Mandazi ya Ticha Wambui yana iliki. Hata mimi singetoka.)

Basi wageni wakaketi. Kamera ikawashwa. Nikaangusha kibanio cha kwanza.

"Woi! Kibanio changu kimeanguka!"

Watoto wametulia kama wako kortini.

"Sasa nitafanya nini mimi, jamani?"

Mtoto mmoja anaitwa Brayo akanitazama kwa makini. Akasema, "Okota."

Daktari Kiprono akaandika kitu. Kilikuwa kifupi. Nina hakika aliandika "okota".

Nikaangusha cha pili. Nikaangusha cha tatu. Nikaangusha na soksi. Mwishowe kamba ilibaki tupu, nguo zote ziko chini kama upepo wa Elmenteita umepita, na hakuna aliyetikisika. Chero, msichana wa miaka minne ambaye babake anaziba tairi pale barabarani, alikunja mikono yake vizuri akanihurumia: "Ticha, leo unaangusha sana."

Moyo wangu nao ukaanguka ukaungana na soksi.

"Hakuna neno," Profesa akasema. "Watoto ni watoto. Njoo utueleze umefikia wapi."

Viti vya watu wazima vilikuwa viwili, na wageni walikuwa wamevikalia. Nikavuta cha karibu. Kilikuwa cha mtoto, cha plastiki, chekundu, chenye mikono pande zote mbili. Nikakaa. Hapana, tusidanganyane. Niliingia. Kiti kikalia *kriii*, na mimi nikapuuza hilo onyo kwa sababu nilikuwa nataka kuonekana msomi.

Nikaeleza vizuri, mnisifu kwa hilo. Nikaeleza mpaka Profesa akaanza kutikisa kichwa kukubali. Kisha Daktari akasema, "Hebu tuonyeshe kwenye ule mchoro."

Mchoro wa matokeo yangu nilikuwa nimeubandika ukutani. Nikasimama.

Kiti nacho kikasimama.

Nikakaa haraka. "Naweza kueleza nikiwa hapahapa."

"Lakini hatuuoni vizuri."

Nikajiambia, Nafula, labda hawatajua. (Nina shahada mbili. Mbili! Na ndivyo nilivyowaza.) Nikainuka nimejikunja, kiti kimenishika kiunoni, nikaenda ubavu ubavu mpaka ukutani kama kobe anayetafuta choo. Nikanyoosha kidole kwa mchoro. Nikatabasamu.

Daktari Kiprono akaweka kalamu chini.

"Samahani. Hicho kiti ni sehemu ya jaribio?"

Shetani akanishika ulimi. "Ndiyo."

"Jaribio gani?"

"La... la kiti."

Akachukua kalamu tena ili aandike, na hapo nikaona kazi yangu yote ya mwaka mzima ikielekea shimoni kwa sababu ya plastiki. Profesa akauliza polepole, kama mama, "Nafula. Mwanangu. Umekwama?"

"Nimekwama, Prof."

Hilo neno! Vibanio vyote vile havikufanya kitu, lakini Chero kusikia "nimekwama" aliruka kutoka kwa kiti kama amechomwa.

"Amekwama! Ticha amekwama!"

"Chero! Kaa chini!" Ticha Wambui akafoka. "Mandazi!"

"Si *amekwama*!" Chero akamjibu, kwa sauti ya mtu anayeshangaa mwalimu wake hana akili, na nasari nzima ikainuka nyuma yake.

Sasa kumbukeni hawa ni watoto wa Salgaa. Kitu kilichokwama kwao ni lori.

"Weka mawe nyuma! Asirudi!" Chero akaamuru. Wakaleta vitalu vya mbao vya kuchezea, wakavisukuma nyuma ya visigino vyangu.

"Zima injini!" Brayo akanipigia kelele. (Nilizima.)

"Tupunguze mzigo!"

Nikatolewa miwani. Nikatolewa shanga. Nikavuliwa sweta. Kuna mmoja alijaribu kutoa nywele na kwa bahati mbaya hizo zilikuwa zangu.

Kelele zikafika hotelini. Mama Brayo, ambaye jiko lake linapakana na ukuta wetu, akaingia na aproni, akanitazama, akatoka, akarudi na mwiko umejaa mafuta ya kupikia chapati. "Si ungeniita mapema? Nina wateja." Akanipaka kulia, akanipaka kushoto, sketi yangu ya maana ikameta kama samosa.

Profesa akanishika mikono. Ticha Wambui akashika kiti kwa nyuma. Watoto wakamshika Ticha Wambui, mwingine akamshika mwenzake, mpaka mlangoni. Halafu nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Daktari Kiprono alivua koti, akalikunja vizuri, akaja kumshikilia Profesa.

"Haraaambee!" Mama Brayo akaita.

"Heee!"

"Haraaambee!"

"Heee!"

*Puh!*

Nikatoka. Nilitoka kweli, jamani, nikaenda hadi kwenye mkeka na uso wangu. Lakini sketi haikutoka. Sketi ilibaki na kiti.

Mnajua asubuhi za siku hizi zilivyo na baridi. Ndani ya sketi nilikuwa nimevaa kaptula ya kuchezea mpira ya mume wangu. Ya bluu. Pajani ina namba kubwa nyeupe.

Na wiki hii yote, marafiki zangu, wiki hii yote hawa watoto wamekuwa wakifundishwa namba.

"TISAAA!"

Ticha Wambui ni mwalimu hata usingizini. Kabla hajafikiri alishajibu, "Vizuri sanaaa! Tena?"

"TISAAA!"

"Mjipigie makofi ya maua!"

Wakajipigia makofi ya maua, vidole vikichanua hewani, mimi nikiwa pale chini nikinuka chapati. Nilisikia sauti ya ajabu, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Ilikuwa Daktari Kiprono. Alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatetemeka, mwishowe akateleza akakaa kwenye mkeka na suti yake, akafuta macho kwa tai.

Profesa alivua shuka yake akanifunga kiunoni, akaikaza kwa fundo la mtu anayejua kufunga shuka.

"Nilipokuwa nikifanya utafiti wangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "mbuzi wa jirani alikula karatasi zangu zote za majibu. Zote. Nikaketi nje nikalia, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nilianza upya peke yangu. Kwa hivyo wewe, ukikwama tena, uniambie mapema. Usiniambie ni jaribio la kiti."

Nikasema asante.

Daktari Kiprono akainuka, akavaa koti. Uso ulikuwa umerudi kuwa wa kazi, ila macho bado mekundu. "Ticha anasema waliambiwa wasitoke kwa viti," akasema. "Na mandazi yalikuwa hatarini. Wakatoka."

"Walitoka," nikasema.

"Lakini hatuwezi kuihesabu. Haikupangwa."

"Basi aipange," Profesa akasema. "Mtoto huvunja amri lini ili amsaidie mtu? Hilo ni swali zuri kuliko vibanio. Si ndiyo kazi ya mwaka wa pili?"

Daktari alifikiri kidogo. Kisha akatikisa kichwa, kile kichwa kirefu, juu na chini. Watanipendekeza, wote wawili! Kabla hawajapanda gari Profesa akanikumbusha nimwambie dada anayekaa na mtoto asitafute kazi kwingine.

Nilienda nyuma ya jengo nikalia kidogo. Machozi mazuri. Nilimlilia Profesa na shuka yake, nikamlilia Mama Brayo aliyerudi kwa wateja bila kungoja asante, nikamlilia hata yule mbuzi, maana bila yeye huenda nisingepata huyu mama. Ticha Wambui alikuja akanipata hapo. Akanipa andazi. (Watoto walipewa pia, wote. Nilihakikisha.)

Wakati wa kwenda nyumbani Chero alinishika mkono.

"Ticha, Jumatatu utakwama tena?"

"Hapana, Chero. Sitakwama tena."

Akaniachilia mkono, akanuna, akaenda zake bila kwaheri.

Huo ndio mkasa. Aliye na roho mbaya acheke sasa amalize, maana Jumatatu nataka kupita hapo stendi ninapopandia matatu kama mtu na masomo yake.