Ukoo wa Punda, Mbuzi na Ng'ombe

Jumatatu, 12 Mei 2025
Majibu ya DNA yamefika! Tulituma nywele za punda, mbuzi na ng'ombe wa hapa Karatu, pamoja na kichupa cha maji; maabara imerudisha mistari mirefu ya A, C, G na T. Madam Bernadina wa baiolojia anasema atakayeielewa vizuri ndiye ataiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi Arusha. Mmoja tu. Lazima niwe mimi. Tatizo: kule lazima uongee mbele za watu. Nahitaji ugunduzi usiohitaji maelezo.

Jumatano, 14 Mei
Nimeupata! Vipande vifupi vya DNA vinaishia na herufi zilezile: AGATCGGAAGAGC. Punda anazo. Mbuzi anazo. Ng'ombe pia! Bibi yao ni mmoja. Nimeziita Jeni ya Hhando, kwa jina langu, nikaziandika ubaoni kabla wenzangu hawajaingia, kisha nikajificha nyuma ya kitabu. Lekoko wa kutoka Arash, kijiji cha wafugaji, anayeitaka safari hiyohiyo, aliuliza kwa sauti punda kazaa mbuzi lini, jamani, na nani alikuwa mkunga. Darasa zima likalia kama punda. Wivu.

Alhamisi, 15 Mei
Lekoko kanifuata kwenye foleni ya makande. Anasema kwao mifugo yenye masikio yaliyokatwa namna moja ina mwenyewe mmoja, si mama mmoja. Ndama hazaliwi na alama. Akaniuliza nani kashika nywele zote tulizotuma. Nilimjibu kwamba DNA haina masikio. Jibu kali! Ila nilinong'ona, naye alishaondoka na sahani yake.

Ijumaa, 16 Mei
Herufi zile ni alama ya maabara. Madam ameeleza: maabara hubandika kipande chao cha kutengenezwa kwenye ncha za kila DNA, mashine ya kusomea ipate pa kuanzia. DNA ikiwa ndefu, mashine haifiki mwisho. Ikiwa fupi, inapitiliza na kusoma kipande chao. Lekoko anakwenda Arusha. Mimi nimepewa kazi ya kukata herufi hizo kwenye majibu. Nimekubali kwa utulivu.

Jumamosi, 17 Mei
Ukungu, kimya, maktaba yote yangu. Nikiwa nakata nimeona kitu: baada ya kipande cha maabara kuna GGGGGGGG. Kwa wanyama wote! Lekoko anasema mashine ikiishiwa cha kusoma huandika G tu. Madam naye anasema hivyohivyo. Wameshapanga! Lakini hawajatazama kile kichupa cha maji matupu tulichotuma cha kulinganishia. Nacho kina G nyingi kuliko wote.

Hata maji! Ukoo huu ni mkubwa kuliko nilivyodhani.