Kiwanda cha Alizeti Kinageuka Kijani

Jumatatu, 1 Novemba 1993. Kitale.
Habari kubwa! Mkurugenzi wetu, Wahome, amerudi kutoka kongamano la ng'ambo na neno jipya: mazingira. Kuanzia alizeti ikiingia langoni hadi mafuta yakitoka, kila kazi ifanywe bila kuchafua. Ijumaa atatukagua sisi, Jumamosi tawi la Bungoma. Atakayempendeza atakuwa Meneja wa Mazingira wa matawi yote mawili. Bungoma kuna Chelimo, mwanamke wa maswali mengi. Kitale kuna mimi, Jairus Nakhungu. Cheo ni changu!

Jumanne, 2 Novemba.
Nimeunda kamati ya mazingira. Mwenyekiti, mimi. Katibu, mimi. Rotich wa boila aliuliza kama kamati itapunguza kuni, maana boila inakula tela zima kila siku. Nikamwambia hayo ni mambo madogo. Nikaagiza boila ipakwe rangi ya kijani. Ilipendeza sana! Ilipowashwa, rangi ikaungua. Kiwanda kizima tulikimbilia nje tukikohoa. Rotich ati nimevumbua moshi mpya. Kijana hana heshima.

Jumatano, 3 Novemba.
Nimempigia Chelimo simu nikijifanya mteja anayetaka kujua siri ya usafi wao. Nilibana pua kabisa. Alinisikiza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa, Nakhungu. Choma maganda ya alizeti badala ya kuni. Yanawaka vizuri, bana."
Nilikata simu. Mtego! Nani awashe boila kwa takataka? Maganda yetu nimeamuru yamwagwe kwenye mtaro nyuma ya ua, mkurugenzi asiyaone. Kuni tumezifunika kwa turubali.

Alhamisi, 4 Novemba.
Mvua. Mtaro umeziba. Maji yote yameingia kwa sukuma wiki ya jirani, Mama Nanyama. Alikuja langoni na gamubuti akimtaka mwenyekiti wa kamati. Nikamwambia mwenyekiti amesafiri. Mchana nilikata matawi ya miti, nikayachomeka ardhini kuzunguka ofisi. Msitu mzuri! Ukiangalia kwa mbali.

Ijumaa, 5 Novemba.
Mkurugenzi alikuja na magari mawili. Yaliachwa yakinguruma muda wote, maana hapendi kuingia gari lenye joto. Nilikuwa nimezima boila ili bomba lisitoe moshi. Akavuta hewa, akasifu. Kisha akaomba kuona mafuta yakitoka. Mafuta gani? Nikamweleza kwamba kiwanda kisichofanya kazi ndicho kisafi kuliko vyote. Hakucheka.
Akaegemea mti. Mti ukalala, naye juu yake. Katika kujishika akavuta turubali, na kuni zikaporomoka hadi miguuni pake. Wakati huohuo Mama Nanyama akapita katikati ya walinzi na karai la sukuma iliyojaa matope, akalimwaga mbele yetu. "Si mlisema mazingira?" akamuuliza mkurugenzi. "Haya, kuleni."

Jumatatu, 8 Novemba.
Cheo amepata Chelimo. Ati Bungoma hawajachoma kuni tangu Machi. Boila yetu itageuzwa iwe kama yao, Rotich akisimamia. Mimi nimehamishiwa Bungoma, chini ya Chelimo. Lakini kwanza nizibue mtaro kwa mikono yangu. Nimezibua. Mama Nanyama alileta kiti akakaa kutazama. Wafanyakazi wakaja kutazama pia. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Hii ni fitina, hakuna kingine.

Jumatano, 17 Novemba. Bungoma.
Chelimo amenipokea kwa chai na mandazi, jambo linaloniuma zaidi. Akaniambia maganda hayatoshi. Nizunguke Sirisia na Ndalu nikitafuta takataka zingine za kuchoma: magunzi ya mahindi, vumbi la mbao. Akasisitiza: kuni, hapana. Boila ikikosa chakula wiki ijayo, ataniuliza mimi.
Eti nibishe kila boma nikiomba magunzi! Mimi natumia akili. Mjomba wangu wa Lugulu ana shamba zima la mikaratusi mirefu. Nimekwenda, tumekubaliana. Tunaiangusha yote, tunaipitisha kwenye mashine ya mbao, tena na tena, hadi usibaki hata ubao mmoja. Vumbi tupu! Hakuna tawi litakalokuwa na takataka nyingi kama zangu. Chelimo alikataza kuni. Vumbi hakukataza.
Misumeno inaanza kesho asubuhi.