Presha Yangu Imefika Nebraska

Jumapili, 12 Januari 2025
Mvua. Baada ya ibada Maman Viviane kaonyesha tena picha ya mwanawe wa Toronto, maghorofa nyuma. Nikatoa simu na mimi. Didas wangu, fundi wa matrekta, Nebraska, Marekani! Nyuma yake minara mirefu ya bati. Viviane akakodoa, na Kifaransa chake: bon, Maman Didas, na madirisha iko wapi? Nikasema kule baridi, hawaweki. Akasema hiyo ni ghala ya mahindi. Kwaya nzima ikacheka.

Ghala kweli. Kijiji cha watu mia tatu, duka moja. Mtoto mwenye akili vile akaishi na mahindi? Mahindi si tuliyaacha kwetu Rombo! Lazima aje Brussels akae nami. Kitanda chake kimetandikwa mwaka wa tatu huu.

Jumatatu, 13 Januari
Nimempigia. Presha imepanda, nikasema, daktari katikisa kichwa. (Daktari hajaniona tangu Pasaka.) Sauti niliitoa kama mtu aliye kisimani. Didas akasema: nitaomba ruhusa, Mama. Atakuja! Nimenunua ndizi za kupika.

Jumatano, 15 Januari
Hakuna Didas. Kuna video. Alimwambia bosi, bosi kamwambia mkewe, mkewe kasema dukani. Jioni kijiji kizima kinajua presha yangu! Kanisa lao limeniandika kwenye ubao wa nje: mwombeeni Mama Didas. Wazee wamesimama kwenye theluji wananipungia. Didas kapelekewa sahani kumi na moja za makaroni ya jibini, kana kwamba nimeshakufa.

Nimemtumia Viviane. Huyo wa Toronto, nani anamwombea mama yake?

Jumamosi, 18 Januari
Kengele! Nikaruka: Didas!

Mzungu. Mjane wa miaka sabini, buti za shambani, blanketi la viraka kwapani. Anaitwa Darlene, jirani wa Didas. Didas hawezi kutoka, wenzake wa zimamoto ya kujitolea wanaumwa na hakuna mwingine wa kuendesha gari la zimamoto la kijiji. Basi kijiji kimekaa, kimechanga nauli, kimemtuma Darlene aniuguze. Nikarudi kitandani mbio.

Jumapili, 19 Januari
Kulala bila ugonjwa ni mateso. Darlene anapika makaroni na kuongea. Kwao hawafungi milango. Didas humwondolea theluji mlangoni kabla ya kazi, bila kuombwa. Nani alimlea? Mimi! Krismasi alikula kwake, akaimba wimbo wetu wa Kichaga, wakalia wote.

Krismasi mimi nilikula peke yangu. Sikumwambia. Niligeukia ukuta.

Viviane kaja kunipa pole, kakuta mzungu anasugua sufuria zangu. Nilipona kwa nusu saa.

Jumanne, 21 Januari
Darlene kanipima kwa kipimo alichokuja nacho. Presha ya msichana, akasema, akanikumbatia. Akampigia Didas: mama mzima, narudi kesho. Didas alifurahi mno. Basi Mama, akasema, tutaonana mwakani, Mungu akipenda.

Mwakani!

Nilikaa jikoni, mvua dirishani. Nikawaza: watu hawa hawamwachi mgonjwa wao. Darlene alipoingia kuoga, nikaandika: Mwanangu, mimi sijambo, ila bibi wa watu kateleza, mguu umevimba vibaya. Hawezi kusafiri peke yake. Njoo umchukue.

Anaimba huko bafuni. Maskini, hajui kama ameumia.