Kisu cha Vifaa Kumi na Kimoja Tulichokichagua Wenyewe

Rubafu, Bukoba
22 Aprili 1955

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti la Ukingo wa Ziwa

Bwana Mhariri,

Baada ya kukuamkia wewe na wapiga chapa wako, naomba nafasi ndogo gazetini, hata pale chini mnapotangaza baiskeli zilizopotea. Mimi ni mkulima wa migomba na kahawa, tena ni mmoja wa wazee kumi na wawili wanaofuatana na Bwana Shamba wetu mpya, Mwingereza, anapozunguka kukagua mashamba. Kazi yetu ni kumwonyesha njia, kukata matawi yanayoiziba, na kutikisa kichwa kukubali anapomaliza kusema.

Mwezi wa pili alituita ofisini. Akasema, na karani wake Mujuni akatafsiri: "Nasikia siku hizi mnataka kuchagua viongozi wenu. Vizuri. Anzeni kwa kuchagua kisu."

Mezani palikuwa na visu vitatu vya kukunja, vya watu wa msafara, kutoka Uingereza. Mzee Aroni akauliza kama muhoro wetu, ule wa kukatia migomba, ungeweza kuwa wa nne. Mujuni hakutafsiri. Alimjibu mwenyewe kwa Kihaya kwamba uchaguzi ulikuwa umekwisha kutayarishwa. Tukavitazama vile visu. Cha kwanza kilikuwa na mpini mwekundu, cha pili mweusi, cha tatu wa kahawia. Mengine yote yalikuwa sawasawa. Tukanyoosha mikono, chekundu kikashinda, tukapigiwa makofi, na kila mzee akapewa chake. Ndipo tulipoambiwa kwamba, kwa kuwa tumechagua kwa hiari yetu, tangu siku hiyo ni marufuku kubeba muhoro katika msafara, maana unatisha wageni.

Bwana Mhariri, mimi si mtu wa kulalamika. Nataja machache tu.

1. Kisu kina vifaa kumi na kimoja, nimevihesabu. Kimoja ni ndoano ya kutolea mawe katika kwato za farasi. Huku kwetu farasi tunamjua kwa picha iliyoko ukutani kwa mwinjilisti, na kwa miaka yote niliyoitazama picha ile sijamwona akichechemea.

2. Kuna chuma kilichosokotwa cha kuzibulia chupa za mvinyo. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, hukaa kibuyuni, na kibuyu huzibwa kwa jani la mgomba. Mzee Josia, kwa kuuheshimu uchaguzi, alijaribu kuzibua kibuyu kwa chuma kile. Kibuyu kilikuwa cha mkwewe. Sasa kinavuja, na mkwe hasemi naye.

3. Kifungua kopo kinafanya kazi, sitaki kudhulumu. Mchana wa siku ya kwanza ya safari ya Muleba, Bwana Shamba alitupatia kopo la samaki ili tukijaribu. Aroni alilifungua kwa muda wa ibada nzima pamoja na mahubiri, na mafuta yakamwagikia kanzu yake nyeupe. Kila mzee alipata kipande cha ukubwa wa ukucha. Samaki wale walikuwa wametoka ng'ambo, wakavuka bahari, wakapanda reli na meli. Pale tulipokaa tukiwala, tulikuwa tunaliona ziwa.

4. Hili la nne ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Siku ya pili mvua kubwa ilinyesha, na mti ukaangukia njia, kando kuna bonde huku na ukingo wa mwamba kule. Upande wa pili wa mti walikuwa vijana wanne na machela. Aliyelala juu yake ni Benadetha, mke wa Privatus, ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, anapelekwa hospitali ya misheni. Privatus alikuwa akituita kwa majina yetu, mmoja mmoja.

Tukatoa visu. Kila kimoja kina msumeno, urefu wake kidole cha shahada. Wazee kumi na wawili tuliuzunguka mti ule tukikata kwa bidii, unga wa mti ukianguka kidogo kidogo kama chumvi ya mtu bahili. Benadetha akainua kichwa machelani, akatuuliza: "Wazee wangu, mnakata au mnakuna?"

Tukazidi kukata. Kisu cha Josia kikajikunja na kumbana kidole, damu ikatoka. Ndipo alipotokea Kokubanza, mjane mwenye kibanja hapo juu, ana muhoro mkononi. Hakutusalimu. Alifyeka matawi, akatema gogo pale lilipokuwa jembamba, akamwambia Privatus, "Piteni." Wakapita.

Mtoto alizaliwa salama, ni wa kike, ameitwa Kokubanza. Hakuna aliyefikiria jina la mzee yeyote kati yetu.

Bwana Shamba akaandika daftarini kwamba mti uliondolewa na wazee kwa visu vipya. Kisha akaagiza ule muhoro uchukuliwe, kwa kuwa umeonekana katika msafara. Mimi ndiye niliyetumwa kuupokea. Kokubanza aliniwekea mpini mkononi, akasema: "Shika, baba. Si mlichagua?"

5. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kwamba Serikali, ikiwa haiwezi kubadili kisu, ibadili nchi. Kwanza ilete farasi, mmoja kwa kila nyumba, toka Hamugembe hadi Muleba. Pili ilete mawe, maana njia zetu ni tope tupu na farasi hatapata la kutolewa. Tatu iamuru miti inayokusudia kuanguka isizidi unene wa kidole, na wanawake wazae wakati wa kiangazi. Hayo yakikamilika, Kokubanza arudishiwe muhoro wake, kwa sababu hapo hautakuwa na kazi tena na hautamtisha mtu.

Nisalimie wapiga chapa wote, na mama wa nyumbani kwako, na watoto. Wazee wenzangu wanakusalimu. Josia anakusalimu kwa mkono wa kushoto mpaka kidole kipone.

Ni mimi niliyechagua kwa hiari,
Bartholomayo Rugaibula

Nyongeza: Barua hii ilikuwa haijabandikwa stempu alipofika Mujuni karani. Kumbe Bwana Shamba amenichagua kuwa Mwelekezi wa Visu kwa wilaya nzima, nami nitapewa koti la kaki lenye mifuko minne na baiskeli yenye kengele. Nimekubali. Mke wangu ameniuliza kama nilipiga kura ya jambo hilo, nikamwambia asiingilie mambo ya Serikali. Nikikitazama kisu hiki kwa utulivu, naona ni chombo bora kwa kila kazi ya nje, na waliochelewa kukielewa ni watu wa vijijini tu. Basi usichapishe la kwanza hadi la tano. Chapisha salamu peke yake, na jina langu, pamoja na cheo.