Fortunat, Sungura wa Mfano wa Mji wa Goma

(Hotuba ya Muheshimiwa Achille Munguakonkwa, Coordonnateur, yaani mratibu, siku ya kuzindua programu ya sungura wa masikio ya kulala. Kiwanja cha mawe meusi, Majengo, Goma. Mgeni wa heshima amekaa kulia kwake. Jiko liko nyuma ya turubai.)

Muheshimiwa Mugeni wetu wa Heshima, Papa Kamate, jaji wa sungura kutoka Butembo, mutu ambaye mikono yake imepima sungura wengi kuliko watu niliosalimia mimi. Waheshimiwa wakubwa wa quartier, ndiyo mitaa, wa avenue, na wale wa nusu avenue. Bapadri na Bachungaji wa makanisa yote, hata lile ambalo bado linatafuta bati. Mama Ernestine, Présidente wa Comité ya Mapokezi, ambaye kiti chake mnakiona kitupu kwa sababu yuko jikoni kwa faida yetu sote. Wafugaji wa Kibati na wa Mugunga. Wajumbe wa Vitshumbi, ambao kwao ni watu wa samaki lakini wamekuja kwa upendo. Vijana wa chukudu muliokaa juu ya baiskeli zenu za mbao za kubebea mizigo bila kualikwa. Mabibi na mabwana, kila mutu kwa cheo chake, na asiye na cheo kwa jina lake: protocole ikiwa imeheshimiwa, na kama haikuheshimiwa tusameheane, nawasalimu. (Makofi.)

Kabla sijaanza kusema, nitasema kidogo juu yangu. Wengi munaniuliza barabarani, Coordonnateur, wewe unacoordonner nini? Ni swali zuri, na mimi pia nimejiuliza. Cheo changu ni kirefu kuliko ofisi yangu, maana nikiketi mezani na mulango ukifunguliwa inabidi nisimame ili mulango upite. (Kicheko.) Lakini ukubwa wa mutu haupimwi kwa ofisi, unapimwa kwa maono, na mimi, kwa unyenyekevu ambao watu wangu wa karibu wanasema ni mukubwa kupita kiasi, niko na maono ya Goma kuwa kitovu cha kanda yote, kutoka ziwa hili mpaka ziwa lile, katika kuzalisha, kuboresha, kusimamia na kupima sungura bélier, ndiyo kusema sungura wa masikio ya kulala, wa kiwango cha maonyesho. (Makofi machache.)

Mutu mumoja aliniambia: Achille, watu wanatafuta maji, wewe unawaletea masikio. Nilimujibu kwamba maendeleo ni intégré. Hakuelewa. Mimi pia sikuelewa vizuri, lakini nilisema kwa sauti, akanyamaza. (Kicheko.)

Tuingie katika chiffres, ndiyo takwimu. Katika phase pilote, ile ya majaribio, ya programu yetu, asilimia mia moja ya sungura wetu wana masikio mawili. Asilimia mia moja ya masikio hayo yamelala. Hakuna hata sungura mumoja aliyeharibu takwimu kwa kusimamisha sikio moja na kulaza lingine, jambo ambalo, ninyi wafugaji munajua, linatokea sana kwa watoto wa bélier, kwa sababu wanazaliwa kama sungura wengine wote na masikio yanashuka pole pole, na baridi ya hapa kwetu chini ya mulima inaweza kuyachelewesha. Ni nchi gani nyingine imefikia asilimia mia moja? Nimetafuta kwa simu yangu mpaka mégas za internet zikaisha. (Makofi. Sauti ya mwanamke kutoka safu ya tatu: «Muheshimiwa, sungura yangu iko wapi?»)

Asante, Mama Kaswera. Wageni, huyu ni Mama Kaswera wa Kibati, partenaire technique, ndiyo mushirika wetu wa kiufundi, ambaye asubuhi hii ametuletea kwa ajili ya onyesho dume lake Fortunat, bélier wa rangi ya majivu muliyemuona wote. Swali lake litajibiwa katika sehemu ya maswali. (Mama Kaswera: «Uliniambia akiisha kuangaliwa unanirudishia. Jike zangu ziko tatu nyumbani, na dume ya masikio vile hakuna ingine huku.») Ni kweli kabisa, na ninaomba secrétaire wetu, Charline, aende nyuma kumuchukua Fortunat ili Mama apate utulivu na mimi nipate aya yangu inayofuata. (Charline anaondoka.)

Sasa, watu wengi hawajui bélier anapimwa namna gani. Mimi sikujua mpaka leo asubuhi, lakini tangu leo asubuhi ninajua sana. Jaji anaangalia kichwa: kiwe kifupi na kinene. Anaangalia pale juu ambapo masikio yanaanzia, panapaswa kuinuka kidogo kama taji. Anaangalia masikio yenyewe: yashuke pande zote mbili sawasawa, karibu na mashavu, na ukiyaangalia kwa mbele yafanye umbo la kiatu cha farasi. Anaangalia meno, kucha, upana wa mabega. Mwisho anaweka mukono kwenye mugongo, anapapasa kutoka mukia kwenda shingo, kinyume na manyoya, kuona yanarudi kwa haraka ao pole pole. Haya yote Papa Kamate aliyafanya mbele yenu, mimi nikiwa nimemubeba Fortunat mikononi, nikimuinua juu ili wapiga picha wapate upande wangu muzuri. (Kicheko.) Na pale Papa Kamate alipomugusa mugongo, mulipiga makofi, hata wamama wa jikoni walitoka nyuma ya turubai wakapiga vigelegele. Niliguswa. Nilisema moyoni, Achille, hatimaye jikoni wanaelewa siasa ya ufugaji. (Makofi. Harufu ya kitunguu na nyanya inaingia kiwanjani. Watu wanageuza vichwa.)

Nimesikia harufu hiyo na mimi. Inaonyesha kwamba Comité ya Mapokezi inafanya kazi. Baada ya picha nilimupa Mama Ernestine yule sungura na kumuambia, kwa kifaransa, amupe traitement, ndiyo matunzo, ya mugeni wa heshima, halafu nikaenda kujifuta jasho. (Charline amerudi. Mikono yake mitupu. Anamnong'oneza Coordonnateur sikioni kwa muda.)

Kidogo. Naomba dakika. (Anakunywa maji.)

Mabibi na mabwana, kuna jambo la kiufundi. Kwetu, na ninyi wote munajua, mugeni mukubwa akifika haletewi sahani tu kama mutu aliyepita restaurant. Nyama yake inaletwa ikiwa hai. Mwenye nyumba anaibeba, anaiinua mbele ya watu, mugeni anaigusa mugongo, maana yake ameipokea, wamama wanapiga vigelegele, ndipo inapelekwa nyuma kuchinjwa. Baba yangu alifanya hivyo. Mimi nimefanya hivyo kwa bakwe wangu wote. Na leo, mbele ya watu wa quartier nzima, mimi Coordonnateur nimembeba, nikamuinua, mugeni akamugusa mugongo. Mama Ernestine hana kosa. Amefuata kile alichokiona. Ni mimi nilimuonyesha. (Mama Kaswera anasimama: «Unasema nini, papa?»)

Mama, ninasema kwamba Fortunat ameshapelekwa nyuma. (Minong'ono. Mtu kwenye chukudu anacheka, anaambiwa anyamaze.)

(Mama Kaswera: «Ile sungura nililea kwa mukono. Mama yake ilikufa, nikaipa maziwa na kitambaa. Nilileta hapa kwa sababu ulisema jaji ataipa jina, na jina litaipandisha bei.») Ni kweli nilisema. Papa Kamate, tafadhali, jury iseme. (Papa Kamate anasimama, bila kipaza sauti: «Mama, miaka yote napima, taji kama lile sijagusa. Nilikuwa nataka kukuomba mutoto wake mumoja.» Anaketi. Hagusi glasi yake.)

Basi mumesikia. Fortunat ameshinda. Katika historia ya maonyesho yetu, ambayo ilianza leo saa tatu, ni mushindi wa kwanza, na hatutaweza kumuvalisha utepe. Utepe uko hapa mufukoni, nilijinunulia mimi mwenyewe nikifikiri labda kutakuwa pia na tuzo ya muongozaji. (Hakuna anayecheka.)

Hapa hotuba yangu iliyoandikwa inasema: «Tuendelee mbele kwa kasi ile ile.» Sitaisoma. Inasema pia kwamba Mama Kaswera atapewa dume lingine kutoka katika stock yetu ya uzazi. Mama, unaniangalia, na mimi siwezi kusoma hilo huku unaniangalia. Nimezoea kuongea na watu wanaoangalia simu. Ninaona haya, kusema kweli, ninaona haya sana, na suti hii ni ya mutu mwingine, inanibana kwenye makwapa, sijui hata hiyo haya itatokea wapi.

Lakini mukutano wa hadhara haumaliziki bila mwito, kwa hiyo muitikie. Bélier oyé. (Sauti mbili: «Oyé.») Masikio ya kulala oyé. (Sauti moja.) Coordonnateur, hapana, hiyo tuiache.

Namalizia kwa shukrani. Ninashukuru shangazi ya Charline kwa kutuazima vile vizimba munavyoviona nyuma yangu. Ni vya kuku wake, na jioni kuku wanarudi. Ninashukuru fundi aliyeandika kibao cha «Centre ya Uzazi, Phase Pilote», kwa sababu kibao ndicho kitu pekee tulichotengeneza. Ninawashukuru partenaires, ambao hawakuwahi kujibu. Na ninakushukuru wewe, Mama Kaswera. Ile asilimia mia moja ilikuwa ya kwako. Hapakuwa na stock, hapakuwa na sungura mwingine, hapakuwa na phase. Tulikuwa na sungura wako, na ulituazima asubuhi tu. Asubuhi tulikuwa na muradi, saa hii tuko na kitoweo.

Mama Ernestine ananipigia ishara kwamba iko tayari. Kwa niaba ya programu ambayo haikuwahi kuwepo, karibuni mezani.

(Hakuna anayesimama.)