Ngoma Sita na Tanuri la Mikate

Jumatatu, 6 Machi

Mvua, siku ya tisa. Mkurugenzi wa makumbusho ameita kikao cha wahifadhi wa ala za muziki, yaani mimi wa ngoma na Bwana Zeze wa nyuzi. Ukumbi wa mbele, mkavu na wenye madirisha, atapewa mmoja wetu. Mwingine atashuka chumba cha chini, ambako kuta hutokwa jasho na kiwambo cha ngozi huota ukungu kabla msimu haujaisha. Ijumaa kila mmoja atapiga ala zake mbele ya kamati. Masikio yataamua.

Sina shaka ya ushindi. Ngoma husema na dunia nzima. Nyuzi husema na wenye subira tu. (Huenda ninapendelea.)

Nimezijaribu zote sita. Taiko ya Japani: gunia likidondoshwa. Tabla za India: ziko mbili, na zote zimenuna. Ngoma ya kwapani ya Afrika Magharibi, ambayo ikibanwa hupaswa kusema kama binadamu, imesema kama binadamu mwenye mafua. Msondo na tari, kimya cha aibu. Limelia pipa la chuma la Karibi peke yake, nalo halina ngozi, na bado sijaridhika kama ni ngoma. Unyevu umelegeza viwambo vyote.

Jumanne, 7 Machi

Ufumbuzi! Wapigaji hukaza ngoma kwa kuziotesha moto. Kanuni ya kumi na nne ya makumbusho yakataza moto. Haikatazi kuvuka barabara. Nimemwendea mwoka mikate wa ng'ambo, mwenye tanuri kubwa kama chumba changu cha kulala. Amekubali. Ameuliza iwapo ngoma huumuka. Nimemjibu kwamba suala hilo halijafanyiwa utafiti.

Jumatano, 8 Machi

Jaribio la kwanza. Tari, dakika mbili mbele ya mdomo wa tanuri. Mlio wa kengele! Bwana Zeze ametoka ofisini mwake mbio. "Bi Ngoma, umeletewa jipya?" Nimemwambia ni lile lile, ila limepata elimu. Amefunga mlango. Nyuzi zake nazo zimelegea. Nimemsikia akizikaza huku akizitukana.

Jioni mezani, Mama amesema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Nimemweleza kwa heshima kuwa methali hiyo haitaji nyuzijoto. "Haya, msomi," amesema, akaniongezea mboga.

Alhamisi, 9 Machi

Hoja yangu: ikiwa dakika mbili zimeleta uzuri ule, dakika ishirini zitaleta uzuri mara kumi. Nakiri kwamba jaribio moja ni msingi mwembamba. Kwa hiyo nimeongeza la pili: nimelifikiria tena lile la kwanza.

Ngoma tano zimeingia tanurini mikate ilipotoka. Tari limebaki nje kwa ajili ya ulinganisho. Pipa la chuma limeingia pamoja na wenzake, kwa kuwa sayansi haina upendeleo. Viwambo vimetoka vimekaza kama paji la uso la Mkurugenzi. Mwoka mikate ameigonga taiko kwa kidole. "Dada, hii imeiva." Nimeyapokea kama pongezi.

Ijumaa, 10 Machi

Bwana Zeze alitangulia. Kila wimbo wake ulianzia darini ukaishia chini ya kiti. Mwenyekiti wa kamati alipiga miayo mara mbili. Ukumbi ulikuwa wangu!

Nikaipiga taiko. Pigo la kwanza, ngurumo. Mwenyekiti aliketi wima. Pigo la pili, pa! Kiwambo kilipasuka ukingo hadi ukingo. Nikahamia kwenye tabla bila kusita. Lile duara jeusi la unga mkavu lililo katikati ya kiwambo chake likabanduka, likaruka, likatua katika chai ya mwenyekiti. Msondo ulipasuka kabla sijaufikia. Nashuku ulifanya hivyo kwa huruma. Ngoma ya kwapani niliibana, ikasema neno moja, nalo haliandikiki. Wajumbe wawili walishangilia, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Mkurugenzi hakudhani hivyo.

Kati ya zilizookwa likabaki pipa. Lilinukia mkate.

Hukumu: nyuzi ukumbini, ngoma chini. Bwana Zeze amenisaidia kuzishusha ngazi. Hakunicheka, jambo ambalo ni baya zaidi. Mlangoni tu ndipo aliponena. "Pole, dada. Lakini kwa harufu, umetushinda wote." Nimelia kidogo. Kuta zimelia zaidi.

Jumatatu, 13 Machi

Nimetafakari kwa siku mbili, tena bila kujionea huruma. Kuhusu joto sikukosea. Kosa, kwa kadiri niwezavyo kuona, lilikuwa la mikate: tanuri lililozoea unga haliwezi kuielewa ngozi. Fundi ataziwamba upya zile zilizopasuka. Kati ya zenye ngozi, nzima ni tari tu, nalo limeanza kunung'unika kwa unyevu. Haraka inahitajika.

Asubuhi hii nimegundua kwamba ukuta mmoja wa chumba hiki una joto. Nyuma yake ni kwa dobi, mwenye chumba cha kukaushia kinachochemka mchana kutwa. Nimezunguka kumwona. Amekubali kulipokea tari kesho. Dakika ishirini hazikutosha kujenga hitimisho. Tutaanza na arobaini.

Ameuliza iwapo, likishakauka, alipige pasi.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimeliandika.